Nani Ataitika "Hapa Dakawa"?

Mwezi uliopita nilisimama katika kijiwe chetu cha waandishi nikatoa hoja. Nilisema: badala ya kukutana kila Jumamosi kusomeana hadithi za mapenzi ya Sinza na Kariakoo, tuchange nauli, tumtafute mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa, twende naye Dakawa wikiendi moja, tutundike waya juu ya mti, tuiambie dunia tuko wapi. Watu wakacheka. Mmoja, ambaye naiheshimu sana kalamu yake, akaniuliza: "Sasa ndugu yangu, wewe unataka kuwa mtunzi au fundi redio?" Kicheko kikazidi, hoja ikafa, chai ikaletwa.

Nimeamua kukijibu kicheko kile hapa, maana pale kijiweni sikupewa nafasi.

Kwanza tuelewane. Redio ya ridhaa siyo stesheni ya muziki na salamu. Ni mtu mmoja mwenye leseni, mashine ya kutuma na kupokea, na alama yake ya wito, anayezungumza na mwenzake wa mbali bila kulipwa na bila kuuza kitu. Wazee wetu walikiona kitu cha namna hii misheni na vituo vya polisi, wakakiita simu ya upepo. Alama za Tanzania huanza na 5H au 5I, za Kenya 5Y au 5Z, na za Afrika Kusini wengi wanazijua kwa ZS. Waya wa mita 10 hivi, uliokatwa katikati na kuinuliwa juu, unatosha kwa bendi inayoitwa ya mita 20. Nguvu yake ni kama ya ile balbu ya zamani ya wati 100, na betri ya gari inaibeba. Sauti inapanda juu kabisa angani, inagonga tabaka lenye chaji za umeme, inarudi chini Ulaya au Asia. Hakuna mnara, hakuna vocha.

Na hawa watu wana desturi moja ambayo ndiyo iliyonivuta. Wikiendi wanatoka nyumbani. Marekani tangu 1933 wana wikiendi yao ya Juni ya kupiga kambi na kuita. Tangu 1998 kuna wikiendi ya Agosti ambayo vilabu vya nchi nyingi hukaa kwenye minara ya taa za meli. Wengine huenda kwenye ngome, makumbusho, vilima. Anayeitikia huambiwa mahali, anapaandika katika daftari lake, na baadaye kadi ya uthibitisho hutumwa kwa posta ikiwa na picha ya mahali pale. Kwa njia hiyo kijiji kisichojulikana kinatamkwa na mtu aliyeko Japani. Hii ni kazi ya nani kama si ya mwandishi? Sisi si ndio tunaojidai kuyapa mahali majina?

Sasa Dakawa. Ukitoka Msamvu kwenye barabara ya Dodoma, milima ya Uluguru ikikuacha mgongoni, unafika. Wengi wetu tumepita pale usingizini ndani ya basi. Mwaka 1982, baada ya Mazimbu kujaa, serikali yetu iliwapa ANC eneo la pili, ndilo hilo. Mazimbu, pale Morogoro mjini, walikuwa wamejenga shule katika shamba la zamani la mkonge wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana mwenzetu aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Dakawa wakajenga makazi, karakana na kituo cha kuwapokea vijana waliotoroka, wakakipa jina la Ruth First, mwandishi aliyeuawa Maputo mwaka 1982 kwa bomu lililofichwa katika barua. Sikilizeni hapo, waandishi wenzangu: kituo cha vijana, porini Morogoro, kwa jina la mwandishi! Nasi hatuna hata hadithi fupi moja kijiweni kwetu inayokitaja.

Julai 1992 ANC waliikabidhi Mazimbu na Dakawa kwa Tanzania. Mradi wao wa sanaa na nguo wa Dakawa ulihamia Grahamstown, mji ambao tangu 2018 unaitwa Makhanda, na jina la Dakawa likaenda nao. Mgeni aliondoka na jina la kijiji chetu akalitundika mlangoni kwake. Mwenyeji kalifanyia nini?

Lakini Dakawa ina upande wa pili, nao ndio unaotufunga midomo. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, akitoka bungeni Dodoma, alifariki katika ajali eneo hilohilo. Gari lililogongana na lake liliendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini, mmoja wa wageni wetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Dakawa mwenyeji hakupona. Nchi nzima ililia, nayo nchi haikuwafukuza wageni. Wakabaki pale miaka minane zaidi mpaka walipokuwa tayari kurudi kwao.

Jamani, hiyo si riwaya? Lakini tazama tunavyofanya. Aprili tunamkumbuka Sokoine, na ANC hawatajwi. Ukombozi wa Kusini nao tunaukumbuka siku nyingine, ukumbini, na barabara ya Dakawa haitajwi. Hadithi mbili zilizotokea mahali pamoja, tumezipangia vyumba mbalimbali kama wake wenza wasiosalimiana.

Mwaka huu nilikwenda mwenyewe. Nilichukua redio ndogo ya mjomba wangu, ya masafa mafupi, ile yenye kitufe cha kusikilizia mazungumzo ya watu wa ridhaa. Ni ya kupokea tu. Nikashuka, nikamuuliza kijana mmoja wa bodaboda kuhusu ANC. Akasema, "Wale Wasauzi? Wazee ndio wanajua." Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nimemaliza kidato cha nne bila kuambiwa na mtu. Jioni nikatundika waya wangu kwenye mti kando ya gesti, nikakaa chini nikizungusha kitufe. Mwanzoni ni mvumo tu, kama mafuta kwenye kikaango. Halafu akatokea mzee mmoja, sauti imekwaruza, akiita kwa utaratibu wao: alama yake ikianza na "Zulu Sierra." Afrika Kusini. Aliita, akanyamaza akisubiri. Akaita tena, akanyamaza tena.

Pengine hakuwahi kufika huku. Pengine alikuwa upande wa Makaburu, sijui. Ila alikuwa anaomba mtu yeyote, popote, amjibu. Nami nilikuwa Dakawa, mahali ambapo nchi yake na nchi yangu zimefungana kwa chokaa na kwa damu, na sikuwa na leseni wala mashine. Nikakaa kimya. Alipoita mara ya tano akajibiwa na Mtaliano.

Ndugu zangu mliocheka, kimya kile ndicho ninachokizungumzia.

Mnasema huu ni mchezo wa Wazungu wastaafu. Ni kweli wengi wao ni wastaafu. Ni kweli pia kwamba wageni huja Zanzibar na Bara na antena zao, wanapewa alama ya 5H, wanazungumza na maelfu ya watu kwa siku chache, wanafunga mizigo wanaondoka. Siwalaumu. Wao wanaifanya kazi na sisi tunatazama. Kama jina la Tanzania hewani linatamkwa zaidi na wapita njia, kosa ni la mwenye nyumba aliyelala.

Mnasema simu zipo. Zipo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika mlisema nini? Niliwaona mmeshika simu kama watu walioshika mkaa uliozimika. Januari 2014 mafuriko yalipoikata barabara hiyohiyo ya Dodoma pale Dumila, mbele kidogo ya Dakawa, nani asingetamani kuwa na mtu mwenye waya na betri? Lakini hata tukiacha dharura, kwa simu unampigia unayemjua. Kwa redio unamwita usiyemjua, naye hujui atauliza nini. Mwandishi anayeogopa hilo aandikie shajara.

Mnasema leseni ni kazi. Hapa nakubali nusu. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya 2010, na simshawishi mtu avunje sheria; leseni ni ya TCRA na tufuate mlango. Lakini ofisi moja niliyokwenda kuulizia utaratibu tu, karani alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Umetumwa na nani?" Swali hilo linaniuma mpaka leo. Hii ndiyo nchi ambayo Redio Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Kusini masafa yake, ANC wakiwa na Radio Freedom yao, iliyofunguliwa kwa mlio wa bunduki, na Mwafrika Kusini aliyekamatwa akiisikiliza akaenda jela. Tuliwakopesha wengine maikrofoni waseme na dunia. Leo kijana wetu akiulizia waya wa mita 10 anaonekana katumwa! Mimi nasema hapana. Turudi ofisini hapo, lakini turudi tukiwa klabu, na barua, na majina yetu yote.

Na mnasema mashine ni ghali. Kweli, siyo bei ya kandambili. Ndiyo maana nilisema tumtafute mwenye leseni anayo tayari, naye aseme kwa niaba yetu. Sisi kazi yetu ni maneno.

Maana hapo ndipo penye mtihani. Mtu wa mbali akishajibu atauliza: Dakawa ni nini? Hewani huna kurasa 200. Una sentensi tatu kabla mawimbi hayajafifia. Mimi nimejaribu usiku mzima, nikapata hizi:

Hapa ni Dakawa, Morogoro, Tanzania. Mwaka 1982 tuliwapa watu wa Afrika Kusini waliokuwa wanakimbia ardhi hii wajenge. Mwaka 1984 waziri mkuu wetu alikufa kwenye barabara hii katika ajali na mmoja wao, na hatukuwafukuza.

Si sentensi nzuri sana, najua. Ya tatu imenishinda. Neno "hatukuwafukuza" linabeba mengi ambayo sijayajua: nani alitaka wafukuzwe, nani alikataa, wanawake wa Dakawa waliwatazama vipi wakimbizi dukani kesho yake. Wazee wanaojua hayo wapo, ila hawatangoja tumalize hadithi zetu za Sinza.

Basi narudisha hoja mezani. Twende Julai: ni kiangazi, njia ni kavu, na ndio mwezi wa makabidhiano. Mchana tukae na wazee tuwasikilize, jioni tuite. Kila mmoja aje na sentensi zake tatu, aliye nazo bora kuliko zangu ndiye zitakazosomwa hewani. Yule rafiki yangu aliyeniuliza kama nataka kuwa fundi redio, namwomba awe wa kwanza, maana kalamu yake inanizidi.

Nauli yangu nimeshampa mweka hazina.