Mgema Wetu Hajawahi Kusifiwa

Nduzangu, leo nakuja na moto kidogo. Kama hujafika miaka 18, hii isome kwa sababu ya haki, si kwa sababu ya kinywaji. Na wewe unayekimbilia komenti kabla hujamaliza kusoma, tulia, nitakufikia.

Wiki iliyopita nilipata kazi ya kurekodi vidio ya wageni waliokodi jahazi kutoka mjini kwenda upande wa Manda. Kazi tamu: jua linazama, tanga limejaa upepo, mimi na simu yangu. Mmoja wao akatoa chupa aliyokuja nayo kutoka kwao. Si bia hizi unazozijua. Ni ale kali ya mtindo wa Kibelgiji, iliyolazwa ndani ya pipa lililokuwa na bourbon. Akanimiminia kidogo, akaniambia nionje. Mambo ya dini niachie mimi na Mola wangu. Nilionja.

Nisiwe mnafiki, ni nzuri. Rangi kama asali, nzito ulimini, tamu mwanzoni, halafu mwishoni inakuchoma koo taratibu ujue haina mchezo. Kuna vanila. Kuna sukari iliyoungua, kama ile inayoganda chini ya sufuria ya halua.

Kisha yule mgeni akafumba macho, akanusa glasi, akaniuliza: "Unaisikia nazi?"

Nazi! Wallahi nilicheka mpaka simu ikatikisika. Ufuo mzima mbele yetu ni minazi, na huyu bwana amevusha chupa baharini ili aje asikie nazi ndani ya mti wa Marekani. Ila hakuwa anadanganya. Nilienda kusoma. Mwaloni wa Marekani una kitu ndani ya mbao zake kinachonukia nazi kabisa. Na sheria ya Marekani inataka bourbon ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani mpaka kikawa mkaa. Kipya! Kwa hiyo pipa likishatoa bourbon mara moja, halirudi tena kwa bourbon, linauzwa. Watu wa whisky Scotland wananunua, wapika bia wananunua. Kampuni ya Allagash kule Maine ilianza kulaza bia yake ya Kibelgiji kwenye mapipa hayo, ikaiita Curieux, na mpaka leo watu wanaitafuta. Yaani kwa lugha ya mtaani, ni pipa la mtumba. Na mtumba huo unapandisha bei.

Sasa tuje kwetu.

Mgema anapanda mnazi asubuhi, anapanda tena jioni. Hana kamba ya usalama wala bima. Anakata ncha ya karara kwa kotama, ubapa mwembamba tu, akikosea anauharibu. Maji yanadondoka ndani ya kibuyu tone kwa tone. Chachu haiwekwi na mtu, inakuja yenyewe kutoka hewani na kwenye chombo. Asubuhi ni tamu, jioni ni kali, ukichelewa siku mbili una siki. Karibu na Brussels kuna bia inaitwa lambic, nayo inaachwa wazi usiku ili chachu ya hewani iingie yenyewe. Wale wanaambiwa ni mafundi. Huyu wetu anaambiwa ni mhalifu.

Mwaka 2016 UNESCO iliuweka utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Mji wetu wa Kale ulikuwa umeshaingia orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Orodha mbili, shirika moja. Milango yetu imesifiwa, kuta za matumbawe zimesifiwa. Mtu aliye juu ya mnazi hakuna aliyemwona.

Na hapa naongea kwa uchungu. Babu mzaa mama ni Mgiriama, alikuja huku kugema. Minazi haikuwa yake, aliikodi kwa wenye mashamba, watu wa safu ya mbele msikitini, wasioonja hata tone. Kodi lakini waliipokea. Nikiwa darasa la sita, askari walikuja alfajiri, wakamwaga madumu yote mchangani, wakamchukua. Pesa za kumtoa zilikuwa karo ya dada yake mama. Wenye minazi hakuna aliyeguswa. Na jioni ile ile, wageni walikuwa hotelini na glasi zao, wakitazama machweo. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, watu wakaniita mvivu. Sawa. Mimi najua kwetu karo iliwahi kumwagwa kwenye mchanga.

Haya, komenti zenu nishazisikia.

"Lamu ni mji wa dini." Ndiyo, na sijaomba baa hata moja kando ya Riyadha. Mkiamua hakuna kileo, nitawaheshimu, bora kisiwepo kwa mgeni mwenye dola pia. Haramu haiwezi kupungua kwa sababu chupa ina lebo nzuri.

"Pombe za kienyeji zinaua." Kirinyaga mwaka 2024 watu walikufa, Mungu awarehemu. Ule haukuwa mnazi. Mnazi haukerekwi kwenye pipa la moto, hauna mambo ya kuchanganya kemikali, ila mtu mwenye tamaa anaweza kuuchafua, kama anavyoweza kuchafua maziwa. Dawa ni kupima. Na mgema anayejificha vichakani utampimaje?

"Unalewesha vijana." Ile ya jahazini ina nguvu karibu mara mbili ya mnazi wa jioni. Kwa kilevi, mnazi unakaribiana na bia ya kawaida ya chupa. Kama ni kuhofia vijana, tuanze na iliyo kali.

Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, iliruhusu vinywaji vya kienyeji kwa leseni. Katiba ya mwaka huo huo ikazipa kaunti kazi ya leseni za vileo. Kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri Nairobi. Kaunti, semeni wazi: mgema anapata leseni, bei yake anaimudu, anapimwa, anauza mahali panapojulikana, mbali na shule na misikiti. Au semeni hakuna kwa yeyote. Chagueni moja. Hii ya glasi kulindwa na dumu kupigwa teke, sisi vijana tushaichoka.

Wazee wana methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Labda ndiyo tunayoiogopa. Lakini huyu tumemdharau miaka yote, na tembo lake halijawahi kuwa na maji.

Babu bado anapanda, magoti yanalia lakini anapanda. Kesho alfajiri nitakuwa chini ya mnazi na simu yangu. Akishuka nitamwuliza lile swali la yule mgeni: unasikia nini hapa? Vidio itakuwa hewani Ijumaa. Njooni mumsikilize.