Daftari Linaloulizika: Maoni Kuhusu Tathmini ya Vitabu vya Kanzidata kwa Wanaoanza

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu wanaisimu wa Kiswahili tumekuwa na desturi ya kuvitathmini vitabu vya mwongozo wa kompyuta kwa kuzihesabu istilahi zake. Tunaangalia ni dhana ngapi zimepewa majina ya Kiswahili, majina hayo yameundwa kwa njia gani, na kama yanaafikiana na yale yaliyosanifiwa. Kisha tunatoa hukumu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi, na kwamba katika uwanja wa kanzidata kinaweza hata kutupotosha. Kitabu kinaweza kuwa na istilahi safi tangu jalada hadi faharasa, na bado kisimfundishe msomaji jambo lolote atakaloweza kulitumia.

Mifano yetu tutaitoa katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi maingilio ya mto Ruvuma. Tumelichagua eneo hili kwa sababu riziki ya watu wake inategemea sana kumbukumbu za maandishi. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za mkoa huu zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi cha ushirika, hupimwa, hukusanywa ghalani, huuzwa kwa mnada, naye hulipwa baadaye. Kati ya siku ya mizani na siku ya malipo, mkulima hana korosho wala fedha. Alicho nacho ni maandishi tu. Jina lake likiandikwa kwa namna mbili, au namba ya akaunti ikikosewa tarakimu moja, malipo yake yanaweza kumfikia mwingine au yasimfikie mtu. Kwa hiyo, kuuliza ni kitabu gani kimfundishe karani wa chama kutunza kanzidata si suala la darasani peke yake.

2. Kanzi, hifadhi na ghala

Tuanze na jina lenyewe. Kiswahili kina istilahi mbili zinazoshindana, yaani kanzidata na hifadhidata. Ya kwanza imejengwa juu ya neno kanzi, lenye asili ya Kiarabu na maana ya hazina au akiba iliyowekwa. Ya pili imejengwa juu ya hifadhi. Kimofolojia zote mbili ni maneno ambatani yasiyo na kasoro, na makala haya yanatumia kanzidata bila ya kuidharau hiyo nyingine. Lakini kisemantiki zote mbili zinaielekeza fikira ya anayeanza upande mmoja tu, upande wa kuweka. Humfanya adhani kwamba kanzidata ni mahali pa kurundika taarifa, na kwamba aliyerundika nyingi ndiye aliyefaulu.

Ghala la korosho lenyewe linatuonyesha upungufu wa fikira hiyo. Magunia yakishapangwa, gunia lililotoka Msimbati halitofautiki kwa macho na gunia lililotoka Nanyamba. Ghala huhifadhi, lakini ghala halijui. Kinachojua ni daftari la karani, ambalo ukiliuliza gunia hili ni la nani, limepimwa lini na ni la daraja gani, hukujibu. Kanzidata ni daftari linaloulizika. Kitabu chochote cha anayeanza hakina budi kulisahihisha jina la somo lake mapema, maana istilahi iliyokwisha kuenea haifutiki, ila maelezo mazuri yanaweza kuizuia isipotoshe.

3. Vitufe na dhana

Vitabu vingi vya mwongozo vinavyouzwa, hasa vile vinavyofuata programu moja kama Microsoft Access, huanza na vitufe: fungua hapa, bonyeza pale, andika jina la jedwali, hifadhi. Msomaji hupata matokeo upesi, nasi hatuna sababu ya kuubeza upesi huo, kwani humpa moyo. Hata hivyo, maarifa ya aina hii hayadumu. Access ilitolewa mwaka 1992, na tangu hapo sura yake imebadilika mara nyingi. Katika toleo la 2007 menyu zilizozoeleka ziliondolewa na kuwekwa utepe, na vitabu vilivyokuwa vimeeleza menyu hizo vikageuka kuwa historia. Kwa upande mwingine, kanuni ambazo Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM alizieleza katika makala yake ya mwaka 1970 zinatumika hadi leo, ndani ya Access, ndani ya LibreOffice Base, na ndani ya programu kubwa za mabenki.

Tofauti hii ina uzito zaidi mahali ambapo kitabu kimoja hupita mikononi mwa wasomaji wengi kwa miaka mingi. Kitabu cha Michael J. Hernandez, Database Design for Mere Mortals, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1997, hakifungamani na programu yoyote. Kinamtaka msomaji kwanza azungumze na watu wanaotunza kumbukumbu, ajue wanataka kujua nini, ndipo apange majedwali. Kwa karani wa Mtwara, kitabu cha namna hiyo kina thamani zaidi ya kile chenye picha mia za skrini ambayo kompyuta ya ofisini kwake haifanani nayo.

4. Mfano kama hoja

Katika kitabu cha anayeanza mfano si pambo. Mfano ndio hoja yenyewe. Kwa miaka mingi Access iliambatana na kanzidata ya mfano ya kampuni ya kubuni iitwayo Northwind Traders, inayouza vyakula kwa wateja walioko Ulaya na Amerika, na waandishi wengi wakaufuata mfano huo. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akijifunza kwa maelezo yaliyotafsiriwa kutoka kitabu cha aina hiyo alituuliza aandike nini chini ya kichwa "jimbo" kwa mtu anayekaa Msimbati. Alikuwa ameandika Mtwara Vijijini. Hakukosea: kwa Mtanzania jimbo ni eneo la uchaguzi. Aliyekosea ni mfasiri aliyehamisha anwani ya Kimarekani bila ya kuuliza inafanya kazi gani.

Tuutazame mfano uliomo ghalani. Mkulima namba 27 ameleta kilo 160 tarehe 12 Oktoba, kilo 240 tarehe 26 Oktoba, na kilo 80 tarehe 9 Novemba. Anayeanza ataandika mistari mitatu, na katika kila mstari atarudia jina, kijiji na akaunti ya mkulima. Mkulima akibadili akaunti, karani atapaswa kusahihisha mahali patatu. Akisahau pamoja, daftari litakuwa na majibu mawili kwa swali moja. Zaidi ya hayo, mkulima aliyejiandikisha lakini hajaleta mzigo hatakuwa na mahali pa kuandikwa. Dawa ni majedwali mawili. La kwanza ni la wakulima, ambamo kila mstari ni mtu mmoja. La pili ni la mizigo, ambamo kila mstari ni mzigo mmoja wenye tarehe, daraja, kilo na namba ya mkulima. Hapo akaunti huandikwa mara moja tu, na kanzidata ikiulizwa jumla ya mizigo ya namba 27 itajibu kilo 480.

Mfano huu mdogo unabeba karibu kila kitu ambacho sura nne za kwanza za kitabu zinapaswa kufundisha. Unaeleza pia kwa nini ufunguo ni namba wala si jina. Hamisi, Hamis na Khamis kwa karani ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni watu watatu. Hata mto wenyewe huandikwa Ruvuma upande wa Tanzania na Rovuma upande wa Msumbiji, na kanzidata isiyoonywa itahesabu mito miwili.

Bahari nayo ina mafunzo yake. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye eneo la kilometa za mraba 650, kumbukumbu za uvuvi zina manufaa kwa wavuvi na kwa wahifadhi. Safari moja ya chombo huleta aina nyingi za samaki, na aina moja ya samaki huonekana katika safari nyingi. Uhusiano wa namna hii unahitaji jedwali la tatu, nalo ndilo linalowasumbua wanaoanza kila mahali. Aidha, mvuvi anaposema saa tatu asubuhi, kompyuta inangoja saa 9. Na anaposema bamvua au maji mafu anataja jambo linaloamua kama pweza watapatikana mwambani, jambo ambalo tarehe peke yake haimwelezi asiyeijua kalenda ya mwezi. Kitabu kizuri humfundisha msomaji kuuliza ni nini kinachostahili kuandikwa kabla ya kuuliza kiandikwe wapi.

Hatusemi kwamba mfano wa kigeni haufai kwa kuwa ni wa kigeni. The Manga Guide to Databases, kitabu cha Kijapani kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 2009, kinatumia ufalme wa kubuni unaouza matunda nchi za nje. Ufalme huo haupo popote, lakini tatizo lake la kumbukumbu zinazorudiwa na kupingana linaeleweka mara moja na yeyote aliyewahi kushika daftari la mazao. Kinachopimwa ni kama mfano una tatizo la kweli ndani yake.

5. Istilahi mahali pake

Baada ya hayo ndipo tufike kwenye istilahi, ambazo bado ni kazi yetu. Kosa la kwanza ni neno moja kwa dhana mbili. Neno safu, likitumika bila ya kifafanuzi, humwacha msomaji akibahatisha kati ya safu mlalo na safu wima, na katika kanzidata tofauti hiyo ndiyo somo zima: mlalo ni kitu, wima ni sifa ya kitu. Kosa la pili ni maneno mengi kwa dhana moja. Tumeona swali, hoja na ulizo yakipokezana katika kurasa chache. Lolote kati ya hayo lingefaa kama lingeshikiliwa hadi mwisho, ingawa hoja ina mzigo wa maana ya ubishi unaoweza kumkanganya msomaji.

Kosa la tatu ni la ndani zaidi. Istilahi ya hisabati aliyoitumia Codd, ambayo kwa kawaida tunaifasiri uhusiano, ilikusudia jedwali lenyewe, yaani seti ya mistari yenye umbo moja. Haikukusudia kiungo kati ya jedwali na jedwali. Vitabu vingi vya wanaoanza, vikiwemo vya Kiingereza, hudai kwamba kanzidata hizi zimeitwa hivyo kwa sababu majedwali yake yanahusiana. Kiswahili kinalizidisha kosa hilo, kwa kuwa neno letu ni lile lile kwa dhana zote mbili. Hapa hesabu ya istilahi haitusaidii: neno lipo, limesanifiwa, na bado maelezo si sahihi.

6. Pingamizi

Huenda msomaji akasema kwamba anayeanza hataki nadharia, na kwamba akichoshwa mwanzoni ataacha. Hoja hii ina ukweli ndani yake, ila inachanganya dhana na maneno mazito. Majedwali mawili ya ghalani ni dhana tupu, nayo yanaelezeka kwa lugha ya sokoni katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Wengine watasema tutafsiri tu vitabu vilivyofaulu kwingineko. Tafsiri inakubalika, mradi mfasiri apewe ruhusa ya kubadili mifano. Vinginevyo tutaendelea kuwapa watu wa Msimbati anwani za majimbo.

7. Hitimisho

Tunapendekeza kwamba tathmini ya kitabu cha anayeanza iongozwe na maswali manne. Je, kinaeleza mstari mmoja wa jedwali unasimama badala ya kitu gani, kabla ya kuonyesha kitufe? Je, mfano wake una tatizo la kweli? Je, kinashika istilahi moja kwa dhana moja? Na je, kinampa msomaji daftari lenye makosa alisahihishe, badala ya kumpa lililokwisha kunyooshwa?

Kipimo cha mwisho ni rahisi, na wanafunzi wetu wa uzamili wanaweza kukitumia kesho katika utafiti wao. Msomaji akishamaliza sura tatu, kompyuta izimwe, apewe karatasi na kurasa mbili za daftari la chama cha msingi, aambiwe achore majedwali. Akichora moja lenye jina la mkulima mara tatu, kitabu kimeshindwa, hata kama hakina neno moja la kigeni. Akichora mawili na kuyaunganisha kwa namba, kitabu kimefanya kazi yake, na mkulima aliyekabidhi korosho zake ataweza kulala usingizi. Wenzetu wenye kipimo kilicho bora zaidi tunawaomba wakilete ili tukijadili.