Kuna Alichokiweza Ambacho Sasa Kimemshinda?

Hapa Komarock, Nairobi, mtoto akichelewa kukaa, akikaza miguu au akitembea kwa ncha za vidole, jina linalotajwa kwanza ni mtindio wa ubongo. Mara nyingi jina hilo ni sahihi. Linapokosewa, mtoto hupelekwa tiba ya viungo mwaka baada ya mwaka huku ugonjwa mwingine kabisa ukiendelea kumla, na hakuna anayeuliza tena.

Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha lililokwisha kutokea. Huenda mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au alizaliwa kabla ya siku zake, au manjano ya uchangani yalipanda mpaka kwenye ubongo, au aliugua homa ya uti wa mgongo ama malaria ya kichwa. Jeraha lenyewe haliongezeki. Mtoto huchelewa, lakini huenda mbele. Maradhi yanayoendelea hufanya kinyume: mtoto alisimama, sasa hasimami, alikuwa na maneno kumi, sasa amebaki na mawili.

Mtazame mvulana wa miaka minne akiinuka sakafuni. Anageuka kifudifudi, anashika sakafu kwa viganja, anainua makalio, kisha anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka asimame wima. Kwenye ngazi za ploti anajivuta kwa reli. Vigimbi vyake vimejaa, na majirani wanasema huyu atakuwa mchezaji mpira. Hizo ni dalili za ugonjwa wa Duchenne, unaoharibu misuli na kuwashika karibu wavulana pekee. Bila matibabu, wengi huacha kutembea kabla ya kutimiza miaka 13. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachopima kimeng'enya cha misuli. Dawa za steroidi haziuondoi ugonjwa, ila humwongezea mtoto muda wa kutembea. Tena ni ugonjwa wa kurithi, na mama anayepanga mimba nyingine ana haki ya kujua hilo mapema, si kuambiwa na shangazi kwamba amerogwa.

Yapo maradhi mengine ambayo tiba yake huleta nafuu kubwa zaidi. Mtoto anayetembea vizuri asubuhi na kupinda miguu ikifika jioni huenda ana ugonjwa ambao daktari Masaya Segawa wa Japani aliueleza miaka ya 1970. Kwa nje unafanana sana na mtindio wa ubongo, lakini vidonge vya levodopa, dawa ile ile wanayopewa wazee wenye Parkinson, humrudisha mtoto kwenye mwendo wake. Kumnyima vidonge hivyo kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye faili ni jambo la kuumiza. Kichwa kinachokua kuliko umri nacho kinahitaji daktari wa upasuaji bila kungoja. Shirika la BethanyKids la Kijabe limewafanyia watoto wengi upasuaji huo.

Tuseme ukweli wote. Mtoto wa mtindio wa ubongo naye anaweza kurudi nyuma. Akirefuka, misuli hukaza, nyonga huteguka, kifafa huongezeka. Kwa hiyo kurudi nyuma hakutoshi kubadilisha jina la ugonjwa, lakini kunatosha kabisa kumrudisha kwa daktari. Na ugonjwa unaokwenda polepole huweza kujificha miezi mingi, kwa kuwa mtoto bado anakua na kujifunza. Anaonekana amesimama tu mahali pamoja.

Kinachotukera ni kwamba kumbukumbu ingepatikana kwa urahisi. Kila mama ana kile kitabu cha kliniki chenye ukurasa wa hatua za ukuaji. Wengi huacha kwenda baada ya chanjo ya pili ya surua, mtoto akiwa na miezi 18, na kitabu hulala kabatini mpaka siku ya kujiunga na shule. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo Duchenne huanza kujionyesha.

Tunataka kaunti iagize kila kliniki ya watoto ya Eastlands imuulize mzazi, kila anapokuja, kama kuna jambo ambalo mtoto aliliweza na sasa limemshinda, na jibu liandikwe kwa tarehe. Jibu likiwa ndiyo, barua ya rufaa itoke siku hiyo hiyo, hata kama faili tayari linasema mtindio wa ubongo. Madaktari wa mishipa ya fahamu ya watoto ni wachache nchini, kwa hiyo mtoto asifike kwao mikono mitupu. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko jirani yetu. Safari ya kwenda Hospitali ya Kenyatta ianze na kipimo kilichokwisha fanyika hapo.

Nawe mzazi, mrekodi mwanao kwa simu akiinuka, akitembea, akizungumza, kisha umrekodi tena baada ya miezi mitatu. Mwonyeshe daktari video zote mbili.