Mjomba, miaka 41, na ndege ya jeshi

Najua nimepotea. Mitihani imekwisha juzi na usingizi ndo unaanza kurudi taratibu. Leo siongelei matokeo wala foleni ya bumu. Naongelea mjomba wangu, maana stori yake imenikaa kichwani tangu mwaka jana, na humu bwenini nimeshabishana na watu wawili kwa ajili yake mpaka tukanuniana.

Mjomba ni kitinda mimba wa bibi, mdogo wake mama. Aliondoka kwenda Marekani mimi hata shule sijaanza. Sasa ni raia wa huko, ana mke na watoto wawili, na kwa miaka kumi na mbili amekuwa akifanya kazi kwenye ghala moja Texas. Anaendesha foklifti, anapanga mizigo. Jumapili moja akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwalimu, hujambo? Sikia, usimwambie bibi yako kwanza. Nimeomba kuingia Jeshi la Anga."

Mi nikacheka. Mtu ana miaka 41, kipara kimeshaanza, anataka kuingia jeshini! Nikamuuliza kama anakwenda kurusha ndege. Akasema hapana, urubani una umri wake na ulishampita zamani. Anachoomba ni kazi ya yule mtu wa nyuma, msimamizi wa shehena. Naye ni mwanaanga kamili, anavaa suti ya kurukia na anaruka na ndege kila inapoenda.

Nikaenda kusoma ili nimpinge vizuri (si mnanijua). Nikakuta sikujua kitu.

Kwanza suala la umri. Zamani Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa halichukui askari mpya aliyevuka miaka 27. Mwaka 2014 wakasogeza mpaka 39. Oktoba 2023 wakasogeza tena mpaka 42. Msidhani ni huruma kwa wazee. Mwaka huo wa 2023 walikosa idadi ya askari wapya waliyoitaka, kitu ambacho hakikuwa kimewatokea tangu 1999. Hesabu nyingine ni ya pensheni: mtu anatumikia miaka 20 ndipo anaipata, kwa hiyo ukiingia na 42 unatoka na 62. Yaani mlango ulifunguliwa na uhaba. Sawa tu, mlango ni mlango.

Pili, kazi yenyewe. Wengi tukisikia ndege ya jeshi tunamfikiria rubani, basi. Lakini kuna watu kibao mle ndani. Kuna fundi wa safari, kuna wa mitambo ya kunasa sauti, kuna anayelala kifudifudi au kukaa mbele ya skrini akielekeza bomba la kujazia ndege nyingine mafuta hewani. Hilo bomba kwa Kiingereza wanaliita bumu, naapa! Sisi bumu letu linatoka Bodi ya Mikopo na halijai hata tangi la bodaboda.

Msimamizi wa shehena ndiye anayepiga hesabu za uzito. Kila kitu kinachoingia anajua kina kilo ngapi na kikae wapi, ili ndege isielemee mkia wala pua. Kama umewahi kupanda mtumbwi ukaambiwa "mama mnene hamia katikati", umeshaielewa kazi. Tofauti ni kwamba mtumbwi huu wa C-17 unabeba zaidi ya tani 77 na kwa safari nyingi wafanyakazi wake ni watatu tu: marubani wawili na yeye. Akikosea, hakuna wa kuogelea. Tarehe 29 Aprili 2013 ndege ya mizigo ya kiraia, Boeing 747, iliruka kutoka Bagram, Afghanistan, ikiwa na magari matano ya kivita. Gari moja likafunguka, likarudi nyuma likagonga na kuharibu mitambo ya mkia. Ilianguka pale pale, na wote saba waliokuwemo wakafa. Mikanda ya kufungia, jamani. Mikanda tu.

Na akipatia? Tarehe 15 Agosti 2021, siku Kabul ilipoanguka, C-17 moja iliondoka pale kwenda Qatar na watu 823, na 183 kati yao walikuwa watoto. Kwa mpangilio wa kawaida ndege hiyo hubeba askari 102. Walikaa sakafuni, wameshikilia mikanda ya kufungia mizigo. Kuna mtu nyuma mle alilazimika kuamua kwamba watu wote wale wanaweza kukaa na ndege ikainuka. Mi nikijiuliza ningependa mtu huyo awe nani, jibu langu la kwanza sio "awe na miaka 19".

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Rafiki yangu wa kitanda cha juu akasema mjomba aachie vijana nafasi, kila kitu kina wakati wake. Nikamjibu kwamba angekuwa anampokonya kijana nafasi ningekubali. Lakini wenyewe wamesema vijana hawatoshi. Halafu mtu aliyepanga mizigo miaka kumi na mbili anajua mzigo unaodanganya. Anauona umefungwa vizuri na bado roho yake inakataa. Hicho huwezi kukifundisha kwa wiki sita.

Na sisi watu wa Ualimu tusijifanye wageni wa jambo hili. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtu afanye kazi kwanza ndipo aje chuo kikuu. Siyo kila mtu aliupenda utaratibu ule na baadaye ulilegezwa, lakini kuna wakati nchi hii iliamini kwamba mtu aliyekwisha kuonja kazi anasoma kwa njaa tofauti. Kwenye darasa letu tuna walimu waliotoka kazini, wengine umri wa baba zetu. Kwenye kazi za vikundi tunakimbilia kukaa nao, halafu tukitoka nje tunawaita "wazee wa zamani". Unafiki mtupu.

Rafiki wa pili alikuwa na hoja nzito zaidi. Alisema, "Dada, hii sio shule. Hili ni jeshi. Atakufa, tena kwa vita ambavyo hata hajui vilianzaje." Hapa sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo sina lote. Nilimsoma Sir Arnold Wilson, Mwingereza aliyewahi kuwa mtawala wa kikoloni kule Iraki, baadaye akawa mbunge. Vita ya Pili ilipoanza akajiunga na jeshi la anga kama mpiga bunduki ndani ya ndege ya mabomu, akiwa na miaka 55. Hakutaka kukaa salama nyuma ya migongo ya vijana. Tarehe 31 Mei 1940 akauawa. Kwa hiyo hadithi ya mtu mzima anayekwenda kuruka haina ahadi ya mwisho mzuri. Mjomba ana watoto wawili. Kijana wa miaka 19 akifa analia mama yake. Mjomba akifa analia mama yake, mke wake na watoto wake. Hiyo hesabu nayo ni ya uzito, na haina mnyororo wa kuifungia.

Bibi alipojua (nani alimwambia sijui, mi sikusema) alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Mimi sikatai ukubwa wake. Nakataa bunduki." Basi.

Nilimweleza mjomba yote haya. Akaniambia kitu ambacho nimekiweka. Alisema kule ghalani kila asubuhi anapita mbele ya kioo na anajiona vile vile, na alichoomba sio kupendelewa. Alitaka apimwe.

Na akapimwa kweli. Mtihani wa maandishi alifaulu, hisabati alirudia kujifunza na vitabu vya mwanawe wa sekondari. Mbio alikuwa akikimbia saa kumi alfajiri kabla ya kazi. Uzito alipunguza. Akajua kwamba akiingia ataanza chini kabisa pamoja na watoto wa juzi, kule Lackland, San Antonio, wiki saba na nusu za kufokewa na mkufunzi anayeweza kuwa mdogo wake. Akasema poa.

Kisha wakampima afya ya wanaanga, ambayo ni kali kuliko ya askari wa kawaida. Sikio la kushoto likakataa. Miaka ya kelele za mashine ghalani imelila. Mle ndani ya ndege usiposikia neno moja kwenye vile visikilizio, rubani anasema "funga" wewe unasikia "fungua". Wakamwambia kuruka hapana. Kazi ya kupakia ndege ukiwa ardhini, hiyo anaweza kuomba.

Aliponipigia nilijiandaa kumpa pole. Yeye alikuwa anakula, nasikia kijiko. Akasema, "Mwalimu, ni kweli sisikii vizuri. Wana haki." Kuhusu ile kazi ya ardhini bado anaongea na mkewe. Bibi hajaambiwa kama kuna kazi ya ardhini, na safari hii naomba wote tunyamaze.

Msimamo wangu ni huu. Kuna tofauti kubwa kati ya kukataliwa kwa sikio na kukataliwa kwa cheti cha kuzaliwa. Sikio linaihusu kazi. Tarehe ya kuzaliwa ni makisio tu ya jinsi sikio, goti na jicho vitakavyokuwa. Makisio yanarahisisha kazi ya ofisi, sawa, na jeshi lazima liweke mstari mahali fulani. Lakini mstari wenyewe umetoka 27 kwenda 39 kwenda 42 ndani ya miaka kumi, na miili ya binadamu haikubadilika hata kidogo. Ilibadilika haja ya jeshi. Kwa hiyo mtu akikwambia "umri umeenda", muulize umeenda kwa kipimo gani. Na wewe mwenye umri, ukipimwa ukakosa, kubali kama mjomba. Usiseme wamekuonea.

Nayasema haya kwa sababu wiki iliyopita kantini nimesikia mtu wa mwaka wa pili, miaka 23, anasema angependa kuhamia fani nyingine ila "ameshachelewa". Miaka 23! Mjomba wangu kaanza kukimbia alfajiri akiwa na 41, sikio bovu na yote.

Nawasilisha. Ngoja nikafue, maji yametoka.