Dakika Kumi za Kikoba

Mama zangu, dada zangu, mashoga zangu, na nyinyi akina baba mnaosoma kwa kuibia: nina ombi, na safari hii si mchango wa fedha. Naomba dakika kumi.

Nianze na jambo ambalo wengi wetu tunalijua na wachache tunalitamka. Mwanamke ana miaka 48, amezaa watoto wanne. Anakaanga pilipili, moshi unampanda, anapiga chafya, khanga imelowa. Kwenye basi la mkoani hanywi maji tangu alfajiri, na bado anaomba kiti cha karibu na mlango. Ramadhani amepunguza kwenda tarawehe, maana kila akiinuka kutoka kwenye sijda anahisi tone limemtoka, na tone likitoka udhu haupo tena. Mwenzake wa kanisani alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Akahamia safu ya nyuma, kisha akaacha kabisa, akasingizia koo. Ukiwauliza watasema ni uzazi, au ni umri, basi.

Uzazi na umri vimo, lakini hiyo "basi" ndiyo ninayoipinga. Kinachowasumbua wengi wao ni misuli iliyolegea, na misuli, hata ya mtu mzima, hufundishika.

Misuli yenyewe imekaa chini ya nyonga, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Imebeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho kama susu lililotundikwa darini likashika vyungu. Mimba huielemea miezi tisa, na mtoto anapopita huivuta mno. Baadaye huja kikohozi kisichoisha, choo kigumu cha kusukuma kila siku, uzito wa mwili, na ndoo ya maji ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kamili. Kisha hedhi inapoelekea kukoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hupungua na nyama za sehemu hizo hupoteza unene na mnyumbuko. Hapo ndipo mkojo unapoponyoka, na wengine huhisi uzito chini, kama kizazi kinashuka.

Pwani tunajua kumtunza mzazi. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja, anakula vya moto, anapumzishwa arobaini yake. Ni hazina, tusiiache. Ila mikono ya mkandaji inaishia tumboni na mgongoni. Ile misuli ya chini haifikiwi na mkaja. Mwenyewe ndiye wa kuibana na kuiachia.

Elimu hii ina umri mrefu. Mwaka 1948 daktari wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika jinsi alivyowafundisha wagonjwa wake kuimarisha misuli hiyo bila kisu. Tangu hapo imepimwa mara nyingi. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2018 uliangalia wanawake wanaotokwa na mkojo wakikohoa au kunyanyua kitu. Kati ya kila 100 waliofanya mazoezi, kama 56 walisema wamepona. Kati ya wasiofanya, ni 6. Kwa tiba isiyouzwa duka la dawa, hayo si madogo.

Yanafanywaje? Lala chali, kunja magoti. Fanya kama unazuia upepo usikutoke, na hapo hapo unazuia mkojo. Utahisi kitu kinabana na kupanda ndani. Usibane makalio, usibane mapaja, usizuie pumzi; ukiweza kuongea huku umebana, umepatia. Shikilia sekunde chache, kisha achia kabisa, upumzike muda ule ule kabla ya kurudia. Mara 8 kwa mkupuo mmoja, mikupuo mitatu kwa siku. Taratibu fika sekunde 10. Ukishazoea, fanya ukiwa umekaa, halafu umesimama, kwa sababu chafya haitakusubiri ulale. Usijizoeze kwa kukata mkojo ukiwa chooni. Hilo huvuruga kibofu. Na ukitaka kukohoa, kucheka au kujitwisha ndoo, bana kwanza ndipo uinue, huku unatoa pumzi. Upe mwili miezi mitatu kabla ya kuutolea hukumu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo video za simuni zinapopoteza watu. Zoezi moja halimfai kila mwanamke. Wako ambao misuli yao imekaza kupita kiasi: tendo la ndoa linawauma, mkojo hauanzi mpaka wasubiri, choo hakitoki vizuri. Mwenye hali hiyo akiambiwa abane, maumivu yatazidi. Anahitaji kwanza kufundishwa kuachia, kwa pumzi ndefu za tumboni. Aliyekeketwa, aliyejifungua kwa kuchanika, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye kizazi kilichoshuka: kila mmoja ana kipimo chake. Hospitali kubwa zina idara ya fiziotherapia, ambayo wengi tunadhani ni ya waliopooza na waliovunjika tu. Ombeni kuonwa huko. Mtaalamu ataangalia misuli yako inavyofanya kazi, akupangie ya kwako.

Na kuna mambo ambayo mazoezi hayayawezi. Mkojo unaotoka mfululizo usiku na mchana baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ni fistula, na fistula inahitaji upasuaji. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake hao bila malipo kwa miaka mingi. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, damu kwenye mkojo, mkojo unaochoma, nyama inayojitokeza nje: hapo nenda ukapimwe, usingoje.

Tukishatengeneza chini, tusisahau juu. Estrojeni ikipungua, mifupa nayo huanza kupungua uimara na misuli ya mapaja husinyaa. Ndipo mama wa miaka 60 anapoteleza bafuni na kuvunjika nyonga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa kiasi kila wiki, kama kutembea haraka, na siku mbili au zaidi za mazoezi ya nguvu. Siku za nguvu ndizo tunazoziruka. Huko Australia wanawake waliokoma hedhi, wenye mifupa iliyopungua, walinyanyua uzito mzito mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, wakisimamiwa kwa miezi minane. Mifupa yao ya uti wa mgongo ikaongezeka uimara. Nasisitiza, wakisimamiwa. Sisi tunaweza kuanza na kigoda: kaa, inuka bila kushika kitu, mara kumi. Sukuma ukuta. Panda kwa vidole vya miguu, shuka polepole. Simama kwa mguu mmoja karibu na meza. Yakiwa mepesi, shika pakiti ya unga ya kilo mbili. Mwenye presha, kisukari au magoti yanayouma amuulize daktari kwanza.

Sitawaahidi kwamba mazoezi yataondoa joto lile la ghafla la usiku la kukoma hedhi. Ushahidi wa hilo bado haujatosha. Lakini usingizi, moyo, uzito na fikra hunufaika.

Kuna atakayesema: mimi nachota maji, nafua, nalima, mazoezi ya nini tena? Kazi zako nazijua na sizidharau. Lakini kazi haikupimii. Inakutwisha kilo zile zile siku una nguvu na siku huna, upande ule ule wa kiuno, na pumzi umeizuia. Zoezi linaanza pale ulipo na kuongezeka kadiri unavyoweza, na ndilo litakalokufanya ujitwishe ndoo ile bila kuumia.

Basi ombi langu ni hili. Vikoba vimejaa kila mtaa, na kwa ndugu zetu wa Kenya kuna chama. Tunakutana kila wiki, tunaaminiana kiasi cha kukopeshana, tunajua nani anauguliwa na nani amefiwa. Hakuna mahali pafaapo zaidi pa kuzungumza haya. Kila kikao, kabla ya kununua hisa, tutenge dakika kumi: dakika tano za kubana na kuachia, ambazo hata aliyepita mlangoni hatajua tunafanya nini, na tano za kigoda na ukuta. Mara moja katika miezi michache, mfuko wa jamii umlipie nauli mtaalamu wa fiziotherapia aje atuangalie tunavyofanya, na atuambie nani aende hospitali.

Wahudumu wa kliniki ya mama na mtoto, nanyi nawaomba. Mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, kadi inajazwa, mama anaondoka. Ongezeni swali moja tu: "Mama, mkojo unakutoka ukikohoa au ukicheka?" Likiulizwa na mhudumu, aibu inapungua nusu. Madiwani wetu, ushuru wa soko mnaukusanya kila siku. Choo chenye maji na mlango unaofungika ni haki ya anayeulipa, kwa kuwa mama lishe asiyenywa maji kutwa kwa kukosa pa kwenda anakiudhi kibofu chake. Akina baba, mkeo akikuambia anataka nauli ya kwenda kuonwa, mpe bila kumcheka. Na ndoo ile ya lita 20, hata wewe una kichwa.

Makungwi na masomo, mmetufunza mengi kuhusu viuno vyetu tulipokuwa wari. Tuongezeeni na somo hili la kutufikisha uzeeni.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumeshazaa, na bado tunaficha. Kikao kijacho, mweka hazina akianza kufungua daftari, mtu mmoja aseme, "Jamani, kabla ya hisa, mimi nina neno." Msisubiri mwenyekiti. Semeni ninyi mnaosoma haya, kisha vuteni vigoda tuanze.