JINA LA TOVUTI LIANDIKWE KWA MWENYE BIASHARA

Jirani yetu hapa Mwananyamala hushona sare za shule. Miaka mitatu iliyopita fundi mmoja wa kompyuta alimtengenezea tovuti, akamsajilia na jina linaloishia na .co.tz. Jirani akalichapisha jina hilo kwenye mifuko, kwenye risiti na kwenye kibao cha duka. Mwaka jana fundi alihama mji, simu yake ikawa haipatikani, ada ya mwaka haikulipwa na tovuti ikazimika. Mama yule alipokwenda kwa wakala ili alipe mwenyewe, aliambiwa kuwa katika kumbukumbu za usajili yeye hayumo. Jina la mmiliki na barua pepe vilikuwa vya fundi.

Mimi naona utaratibu unaoruhusu jambo hilo ubadilishwe.

Majina yanayoishia na .tz husimamiwa na TCRA, lakini mwananchi huyasajili kupitia wakala aliyeidhinishwa. Jina halinunuliwi likawa lako milele, bali hulipiwa kwa muda na kuhuishwa. Anayetaka kuhamia kwa wakala mwingine huhitaji namba ya siri ya uhamisho, ambayo hupewa mmiliki aliyeandikwa. Kwa hiyo mwenye ile barua pepe ndiye mwenye jina, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwa mwingine. Nani angenunua kiwanja akakubali hati iandikwe jina la dalali?

Kwenye simu tumeshavuka hatua hiyo. Tangu Machi 2017 mteja nchini anaweza kuhama kampuni ya simu akabaki na namba yake ileile. Kabla ya hapo aliyehama aliiacha namba, na wateja wake wakampotea. Jina la tovuti lina uzito uleule kwa mfanyabiashara.

Mafundi hujitetea kwamba wateja husahau nywila na hawafungui barua pepe. Hapo wana ukweli. Jirani yangu hakuwa na barua pepe kabisa wakati ule. Hata hivyo, kumtunzia mtu mali si kuiandika kwa jina lako. Katika usajili kuna nafasi ya mmiliki na nafasi ya msimamizi wa kiufundi, na fundi anatoshwa na hiyo ya pili. (Wewe unayesoma huenda mwakani ukaanza kazi hii, anza hivyo.)

Wakala naye asikamilishe usajili kabla mmiliki hajathibitisha kwa simu yake mwenyewe, na muda unapokaribia kwisha ujumbe uende kwenye simu hiyo pia, si kwa fundi peke yake. Gharama ya ujumbe mfupi ni ndogo mno kuwa kisingizio.

Jirani amesajili jina jipya, safari hii kwa jina lake. Mifuko ya zamani bado anaitumia, ila kila mmoja anaubandika karatasi juu ya anwani ya kwanza.