Matembezi ya Noeli yasiwe ya wenye feza peke yao



Noeli imekaribia, na katika kiwanja cha masomo kuna neno moja tu: matembezi ya wafinalisti. Kila mtu anauliza tutaenda wapi, tutavaa nini, na bisi itakuwa ya nani. Mimi kapita wenu nimeombwa kukusanya mchango wa dola 15 kwa kila mwanafunzi, kama ilivyofanyika tulipokuwa darasa la tano. Ninaandika hapa kusema kwamba sitaukusanya, na kueleza sababu.

Mnakumbuka siku ile ya darasa la tano. Tulikodi bisi, tukalipa mlango wa hoteli moja kando ya ziwa, tukanunua fanta kwa bei mara mbili ya bei ya dukani. Picha zilikuwa nzuri. Lakini wiki moja mbele ya siku ile, mimi nilisimama mbele ya darasa nikasoma orodha ya wale ambao hawajalipa. Nilisoma kwa sauti, jina kwa jina. Nilifikiri ninafanya kazi ya kapita. Mmoja wao akanikuta kisha masomo akaniambia: “Kapita, ondoa jina yangu. Siku ile nitakuwa mugonjwa.” Sikuelewa namna gani mtu anaweza kujua wiki moja mbele kwamba atagonjwa. Nikaondoa jina, basi.

Siku ya matembezi, bisi yetu ilipita karibu na Kituku. Tulikuwa tunaimba. Nikatazama kwa dirisha, nikamwona mwenzetu yule anapandisha bido za maji kutoka ziwani, bido mbili kila mkono, za kuuza. Yeye pia alituona. Akageuza uso. Mimi nami nikageuza uso. Ninaandika jambo hili kwa ruhusa yake, bila jina. Yeye anakaa nasi darasani mpaka leo, na hajanisema kwa neno baya hata siku moja. Njo sababu inaniuma zaidi.

Wandugu, tusidanganyane. Tangu mwisho wa Januari 2025, wakati vita iliingia mjini na benki zikafunga milango, nyumba nyingi za Goma zinatafuta feza kwa shida. Kuna wazazi ambao mshahara wao ulikatika. Kuna wenzetu ambao jamaa zao zilikimbia vijiji, zikakaa kwa mahema, kisha zikaondoka tena. Dola 15 kwa nyumba kama hiyo ni chakula cha siku nyingi. Mama anayeuza makala barabarani akisikia mtoto anaomba dola 15 juu ya kwenda kukaa kando ya maji ambayo yeye anayachota kila asubuhi, atafikiri nini juu ya masomo yetu?

Wengine watasema: “Sasa tubaki nyumbani?” Hapana. Mwaka wa sita ni wa mwisho. Kisha mtihani wa Serikali tutatawanyika, wengine hatutaonana tena. Siku moja ya furaha pamoja ni haki yetu. Lakini iwe ya pamoja kweli. Kwa hiyo ninaleta mpango huu, na ninaomba muujadili.

Kwanza, tutembee kwa miguu. Najua wengine watacheka. Lakini nani kati yetu hakutembea mwaka 2021? Nyiragongo ilitapika usiku wa tarehe 22 Mei, na siku tano kisha amri ya kuhama mji ikatoka. Tulikuwa watoto wa miaka kumi na tatu, kumi na mine, na wengi wetu tulifika Sake na godoro kichwani, kilometa zaidi ya 20. Leo tumekuwa wakubwa. Kushuka mpaka ziwani bila godoro hakutatuua.

Tena njia yenyewe ni somo. Tutapita kwa mzunguko wa Chukudu, ambako sanamu ya rangi ya zahabu ya mtu anayesukuma chukudu imesimama tangu 2009. Wageni wanaipiga picha. Sisi tunapita kila siku bila kuitazama. Mji uliwekea sanamu chombo cha mbao cha mtu maskini anayetoa jasho, si motokari ya tajiri. Kutoka pale tutaingia katikati ya mji, ambako moto wa volkano ulipita tarehe 17 Januari 2002 ukashuka mpaka majini. Sisi wenye miaka kumi na nane hatukuwa tumezaliwa. Tumwombe mwalimu wetu wa jeografia, ao mzee mmoja aliyeona, atembee nasi na kutuonyesha mahali ambapo nyumba za leo zinasimama juu ya nyumba za zamani. Hakuna mlango wa kulipa, na mtu wa Goma asiyejua habari hii anapaswa kuona haya.

Pili, chakula. Nimefanya hesabu pamoja na wasichana wawili wa darasa wanaojua soko kuliko mimi. Tuko wanafunzi 40. Tukiweka mpango wa franga 3,000 kwa kila mtu, tunapata franga 120,000. Mchele kilo 10, franga 28,000. Sambaza, franga 40,000, na tuzinunue asubuhi mapema kwa wavuvi wakati zingali mbichi. Mafuta, tomati, vitunguu na chumvi, franga 17,000. Makala, franga 8,000. Jumla ni franga 93,000. Zinabaki franga 27,000, na hizo zisiliwe: ni za moto ya kupeleka mtu kwa daktari akiumia, na dawa. Sufuria tutaazima kwa wamama wa kanisa. Atakayeona haya kubeba sufuria katikati ya mji, mimi mwenyewe nitambebea.

Tatu, na hili ndilo kubwa: orodha isisomwe. Kila mwanafunzi apewe bahasha moja, zote za namna moja, bila jina. Siku ya kuzirudisha, kila mtu atupe yake ndani ya sanduku. Mwenye 3,000 aweke 3,000. Mwenye 10,000 na moyo mzuri aweke 10,000. Mwenye mia tano aweke mia tano, na asiye na kitu aweke bahasha tupu. Hakuna atakayejua, hata mimi kapita. Feza zikipunguka, tutapunguza sambaza, hatutapunguza watu. Haba na haba hujaza kibaba.

Ine, mahali pa kukaa. Hapa shida iko, nisifiche. Tuna ziwa kubwa mbele ya macho, lakini sehemu kubwa ya kando yake ni ukuta na mlango wa chuma: parseli za watu na hoteli. Mtoto wa Goma anaweza kukua akisikia harufu ya ziwa bila kupata mahali pa kukaa chini na kulitazama. Ninapendekeza tumwombe Bwana Prefe aandike barua kwa jamaa moja ya kanisa yenye parseli kando ya maji, watupokee kuanzia saa tatu za asubuhi mpaka saa kumi za mchana. Tutafagia mbele ya kuondoka. Wengine wamesema tuvuke mpaka kwenda Gisenyi. Hapana: si kila mtu ana karatasi za kuvuka, na tutarudi kulekule, wengine wanaenda na wengine wanabaki kwenye kizuizi wakiwaaga wenzao kwa mkono.

Tano, usalama. Hakuna kupanda mtumbwi. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, pwani ikiwa mbele ya macho, na watu wengi walikufa. Hata anayejua kuogelea asipite mahali ambapo miguu inagusa chini, maana ziwa hili linashuka gafula. Tena tusikae kwenye mashimo na mabonde ya kando ya maji bila kuuliza wenyeji juu ya mazuku. Hewa ile haina rangi. Ni nzito kuliko hewa yetu, inalala chini kama maji ndani ya bakuli, na anayeinama ndani yake anaanguka bila kupiga kelele.

Nimesikia neno moja kutoka kwa wenzetu wenye uwezo: “Sasa shiye benye tuko na feza tunakosa nini? Mbona tunazibuliwa?” Hapana, ndugu, hakuna anayewazuia. Siku za Noeli na Bonane ni nyingi. Nendeni hotelini na baba na mama, kuleni samaki mkubwa, tutafurahi pamoja nanyi. Lakini siku inayoitwa ya darasa la sita, iwe ya darasa la sita lote. Kama kiti kimoja kiko wazi juu ya feza, tubadilishe jina, tuiite siku ya waliolipa.

Na wewe, mdogo wangu wa darasa la tano ambaye utachukua kazi hii kisha mimi, nakuachia neno moja. Ukapita ni kazi ya kuhesabu, lakini uanze kuhesabu watu, kisha feza. Mimi nilianza na feza, na ule uso uliogeuka pale Kituku ningali ninauona.

Mkutano wa darasa utakuwa siku ya ijumaa kisha masomo. Mje na mawazo yenu, hata ya kunipinga. Mwenzetu wa zile bido amesema atakuja, na amesema yeye njo atatufundisha kukaanga sambaza, maana sisi wa bisi hatujui.



Kapita wenu, darasa la sita